Ujira wa Kuandika Madai ya Waliolemaa



Katika barua zilizotufikia mwezi uliopita imo moja ya kijana wa Bagamoyo, nasi tumeona haifai kumjibu faraghani peke yake. Aliyoyauliza yawahusu vijana wengi wa pwani hii, na wazazi wanaokula katika jasho lao, na khasa ndugu zetu waliolemaa, ambao aghalabu husemewa na wengine kuliko kusema wenyewe. Jina lake tumelisitiri, na jina la ofisi yake hatukumwuliza.

Kijana huyu alimaliza shule, akakaa miaka miwili hana kazi, kisha akapata ukarani katika kampuni ndogo iliyoko njia ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Kazi ya kampuni hiyo ni kuwafuatilia madai watu walioumia: aliyekatwa na mashine kiwandani, aliyeangukiwa na mzigo, aliyegongwa na gari. Karani humpokea mwenye shida, humsikiliza, huandika maelezo yake, hukusanya vyeti vya hospitali na kuvipeleka panapohusika. Fedha zikitoka, kampuni hushika thuluthi, na karani hupata kitu kidogo juu ya mshahara wake kwa kila dai lililofaulu.

Asema kwamba saa mbili ya asubuhi watu wamekwisha kukaa juu ya benchi wakimngojea. Humpasa kumwambia mtu mzima aliye sawa na babake afunue kigutu cha mkono ili kipigwe picha. Wanawake huja wamejifunika khanga miguuni, wakaona haya kuifunua mbele ya kijana. Amegundua kuwa watu hawalii wanapotaja kiungo kilichokatika. Hulia wanapotaja karo za watoto. Mwezi wa kwanza alikuwa hawezi kula chakula cha mchana. Sasa anakula bila ya taabu, na hilo, asema, ndilo lililomtia khofu.

Kisha aeleza jambo lililomfanya atuandikie. Amekuja mchukuzi wa ghala moja, aliyekatwa mguu chini ya goti. Mtu huyu aligongwa na lori siku yake ya mapumziko, akienda harusini Kaole. Mkuu wa ofisi amemwamuru karani aandike kwamba mchukuzi alianguka na gunia ghalani katika saa za kazi, na msimamizi wa ghala amekubali kushuhudia hivyo ili apewe fungu lake. Jalada limo katika mtoto wa meza ya karani, hajaandika neno. Mama yake na wadogo zake watatu wategemea mshahara wake. Ametuuliza mambo matatu: Je, kazi hii ni halali? Je, thuluthi ile ni halali? Na jalada lile alifanye nini?

Twamjibu, na kila mwenye kazi mfano wa hiyo asikie.

Ama kazi yenyewe, asili yake ni njema. Kumsimamia mtu katika kudai haki yake ni uwakala, na uwakala ni halali kwa ittifaki ya wanazuoni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu amemuahidi fungu lake mwenye kuombea jambo jema, na amemwonya mwenye kuombea jambo baya. Aliyekatika mkono wa kulia atashikaje kalamu? Asiyejua kusoma atajazaje fomu? Aliyelala kitandani atakwendaje ofisini mara tatu na mara nne? Mwenye kumfanyia haya kwa uaminifu amefanya ibada, ijapokuwa amelipwa.

Wala mtu asidhani kwamba haki ya mlemavu katika mali ya watu ni jambo lililoletwa na Wazungu. Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba milangoni. Akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akamwamuru mtunzaji wa Baitul Mal amtazame mzee yule na wenziwe walio kama yeye, wala wasitozwe jizya. Khalifa Walid bin Abdul Malik, aliyetawala tangu 705 hata 715, aliwawekea wagonjwa wa ukoma posho ili wasiombe kwa watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Na katika mlango wa diya, Sharia imehesabu viungo kimoja kimoja: macho mawili diya nzima, jicho moja nusu yake, na kila kidole ngamia kumi, kidole gumba na kidole cha mwisho wakiwa sawa. Basi kukipima kiungo kwa mali si kumdharau aliyekipoteza. Kumdharau ni kuacha kukipima, akaambiwa asubiri tu.

Sisi wa Bagamoyo twalijua hilo kuliko wengi. Mji huu ulikuwa mwisho wa safari za wapagazi waliobeba pembe kutoka bara, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hata 70. Aliyefika alipokea ujira wake. Aliyevunjika mguu njiani mzigo wake ulipewa mwingine, naye aliachwa kwa huruma ya kijiji alichoangukia. Hapakuwa na daftari lililoandika jina lake wala mtu wa kumdaia. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyekuwa akiwapatia wasafiri wapagazi, na aliyefariki 1897, alitoa katika mali yake ikajengwa hospitali Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake. Wema huo twaushukuru, lakini wema wa tajiri mmoja si haki iliyoandikwa. Tajiri akifa, au akikasirika, mgonjwa hana pa kushika.

Leo haki hiyo imeandikwa, na ni wajibu wetu kuijua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, ilichukua mahali pa sheria ya zamani iliyorithiwa tangu zama za Waingereza. Kwa sheria hiyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango Julai 2015, na mwaka 2016 ukaanza kulipa mafao. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Si halali kumkata mfanyakazi hata senti kwa ajili yake. Mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya mtu wa kumhudumia asiyejiweza, utengamao ili mtu aweze kurudi kazini, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Haimlazimu aliyeumia kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Yatosha kwamba aliumia kwa kazi yake na katika kazi yake, au alipata maradhi kwa sababu ya kazi hiyo. Daktari humpima, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja, na uliozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mwajiri akipata khabari ya ajali yampasa kuarifu Mfuko katika siku 7, na dai lisiachwe likapita miezi 12. Na kufungua dai Mfuko hauombi ada.

Neno hili la mwisho twataka kila nyumba ilishike. Wako watu ambao mitaani huitwa vishoka, hukaa karibu na hospitali na karibu na ofisi, wakamwambia mgonjwa kwamba pasipo wao faili halitembei. Humwuzia maskini mlango ambao haujafungwa.

Sasa twaja kwenye uongo. Mkuu wa ofisi aweza kusema: Mchukuzi huyu kweli amekatika mguu, kweli ni maskini, na Mfuko una mabilioni, tumemdhulumu nani? Twajibu: mmeidhulumu amana ya watu. Mali ya Mfuko si ya mkurugenzi wala ya serikali ili mtu aseme amemchotea maskini kutoka kwa tajiri. Ni akiba ya kila mtu atakayeumia kesho katika machimbo ya kokoto, katika mashamba ya chumvi, katika viwanda vya Mapinga na Zinga. Katika Suratul Baqara, aya ya 188, Mola wetu ametukataza kuliana mali kwa batili na kuipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi, na hali twajua. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu waliokuja kwake kwa ugomvi ya kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wao akawa mfasaha wa hoja kuliko mwenziwe. Basi atakayehukumiwa haki isiyo yake, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mwongo alichokipata, muhuri wa ofisi utamhalalishia vipi?

Tena uongo huu huwageukia walemavu wenyewe. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, alikuwako wakili Eric Conn, aliyepata umaarufu mkubwa kwa kuwadaia watu mafao ya ulemavu katika mfuko wa taifa lao. Alimhonga hakimu wa madai hayo, akawalipa madaktari watie sahihi vyeti ambavyo ofisi yake ilikwisha kuvitayarisha. Mwaka 2015 wateja wake zaidi ya 1,500 waliandikiwa kwamba madai yao yatapimwa upya, na mamia wakatishiwa kukatiwa posho mara moja. Wengi wao walikuwa wagonjwa kweli, wala hawakujua lolote katika hila za wakili wao. Lakini vyeti vyao vilikuwa vimechanganywa na vya uongo, hata hapakuwa na wa kuwasadiki. Conn alikiri mwaka 2017, akatoroka, akakamatwa Honduras, na vifungo vyake vikajumlishwa kuwa miaka 27. Yeye alikwenda gerezani kwa dhambi yake. Wale maskini walihangaika kwa dhambi ya mwingine. Ndivyo itakavyokuwa kwetu: kila dai la uongo likigunduliwa, wapimaji huongeza ukali, na mwenye kilema cha kweli huja akatazamwa kama mwizi.

Swali la pili ni la thuluthi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi wameshurutisha ujira uwe maalum, ujulikane kabla ya kazi, ili asidhulumiwe mwenye kulipa wala mwenye kulipwa. Wako wanazuoni wa madhehebu nyingine waliolegeza, wakaruhusu wakala apate fungu katika kitakachopatikana. Hatuwalaumu wenye kufuata kauli hiyo. Lakini na hao hawakuruhusu kumghuri mtu. Mwenye kushika thuluthi ya mkono wa mtu, kwa kazi ya kujaza fomu mbili na kupanda daladala mara tatu, na mwenye mkono hakuambiwa kwamba kazi hiyo angaliweza kuifanya bure, huyo amekula kwa kuficha. Huko Marekani, pamoja na mapenzi yao ya biashara, sheria imemwekea mpaka mwakilishi wa mlemavu: kwa mapatano ya kawaida hachukui zaidi ya robo ya malimbikizo, na mwaka 2024 kiasi cha mwisho kiliwekwa dola 9,200. Je, itufae sisi tulio na Sharia kuwa wakali zaidi kwa walemavu wetu?

Rai yetu ni hii: ofisi ya namna hiyo imwambie mtu tangu siku ya kwanza kwamba Mfuko hautozi ada. Akitaka msaada hata hivyo, apatane naye kiasi maalum kinacholingana na kazi, kiandikwe, na asomewe mbele ya jamaa yake. Na zile zawadi za pembeni, karani azikatae. Mtume alimtuma mtu akusanye zaka, akarudi akasema, hii yenu na hii nimezawadiwa. Mtume akapanda juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa katika nyumba ya baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi. Kuku anayeletwa na mjane wa mchukuzi hakumpenda karani. Ameletwa kwa ajili ya jalada.

Liko jambo ambalo kijana hakuliuliza, nasi tumeliona ndani ya barua yake. Ameogopa kwa kuwa sasa aweza kula baada ya kuona vigutu. Twamwambia: kula si dhambi, na daktari pia hula. Moyo mgumu hujulikana kwa dalili nyingine. Ukianza kumwita mtu kwa nambari ya jalada, ukianza kufurahi kusikia kwamba mguu ulikatwa juu ya goti badala ya chini kwa kuwa asilimia itapanda, ukianza kumfundisha mtu achechemee zaidi mbele ya daktari, hapo jitazame. Surat Abasa, ambayo ni ya 80, ilishuka kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kuuliza dini yake wakati Mtume anashughulika na wakubwa wa Kikureshi. Kipofu yule baadaye akawa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na akaachiwa Madina mara kadha wa kadha Mtume alipokuwa safarini. Hakubaki kuwa mtu wa kuhurumiwa, alipewa kazi. Basi karani na akumbuke kwamba aliyekaa juu ya benchi lile ana jina, ana elimu yake, na kiungo kilichopungua hakikupunguza utu wake.

Na jalada lile? Asiliandike vile alivyoamriwa. Kumtii mkubwa hakumo katika kumwasi Mwenyezi Mungu, na ushahidi wa uongo umehesabiwa na Mtume katika madhambi makubwa kabisa. Lakini asimwache mchukuzi mikono mitupu, maana mlango wa halali uko wazi karibu naye. Sheria ya bima ya magari imemlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika. Mchukuzi aligongwa na lori. Ikiwa dereva ndiye mwenye makosa, dai lake liko kwa bima ya lori lile. Na ichukuliwe fomu ya polisi ya PF3, na maelezo ya askari waliopima ajali, na nambari ya lori, na vyeti vya hospitali, apelekewe mwenye bima. Bima ikimzungusha, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wala mtu asiseme kwamba bima imekhitalifiwa na wanazuoni. Mchukuzi hakuinunua bima. Yeye adai haki yake kwa aliyemdhuru, na nchi imemwekea mdhuru mlipaji.

Twaona ajabu moja hapa. Mkuu wa ofisi, mwenye kujisifu kwa ujuzi wa madai, alichagua njia ya uongo na hali ya kweli iko mbele yake, kwa sababu ya uongo ilionekana fupi. Kijana amweleze hivyo kwa adabu. Akikubali, wote wamesalimika. Akikataa, kijana amwambie mchukuzi ukweli wa mambo yake, kisha aondoke. Twajua kwamba neno hili ni zito kwa mwenye mama na wadogo watatu, nasi hatulisemi kwa wepesi. Lakini mama akiulizwa, je, apende mwanawe alale siku mbili bila ya kazi, au alale gerezani kwa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake? Sheria haitamwuliza mkuu wa ofisi kwanza. Itauliza sahihi ni ya nani.

Tumalizie kwa neno la wazee na wenye misikiti. Ofisi za namna hii zimepata nguvu kwa kuwa sisi tumelala. Tangu 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria wa kuwatumikia wasiojiweza bila ya malipo. Ni wangapi katika jamaa zetu wanaowajua? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imemtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Halmashauri zimeamriwa kutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu isiyo na riba, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Haya yote hayatangazwi katika khutba zetu. Je, ni shida gani msikiti kuweka meza baada ya salatil Asri, siku moja katika juma, vijana wawili wanaojua kusoma wakawajazia watu fomu zao kwa ajili ya Mungu? Ikiwa hakuna afanyaye, wote tuna dhambi.

Na wako ambao sheria ya fidia haiwafikii: mvuvi wa ngalawa yake mwenyewe, mkulima, mama mwenye kukaanga samaki ufukweni. Hao hawana mwajiri wa kuwachangia. Hao wametegemea zaka zetu na jamaa zao. Basi tusiwafiche ndani watoto waliolemaa kwa kuona haya, wala tusiwatoe nje kwa ajili ya kuombea tu. Wapelekwe madrasa, wapelekwe shule, wafundishwe kazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amfungulie kijana wetu riziki iliyo safi kuliko hiyo, ampe mchukuzi haki yake yote, na atujaalie sote kuwa wenye kusimamisha uadilifu, ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Amin.